Pikipiki Iliyopata Ajali: Namna ya Kuikagua Kabla Haijarudi Barabarani

Pikipiki ikipata ajali, macho hukimbilia vilivyovunjika: kioo cha pembeni, indiketa, taa ya mbele, madigadi. Hivyo ni vitu vya bei ndogo na vinajionyesha vyenyewe. Kinachomwangusha dereva mara ya pili, wiki moja baadaye akiwa na abiria nyuma, ni kile ambacho hakikuonekana: shingo ya fremu (pale shina la usukani linapoingia) iliyosogea kidogo, ekseli iliyopinda, kebo ya eksileta inayobanwa usukani ukikatwa kushoto. Kwa hiyo ukaguzi hauanzi kwenye kilichovunjika. Unaanza kwenye kishindo chenyewe: kiliingilia wapi, kikapita kwenye chuma kipi, kikaishia wapi.

Maelezo haya ni ya pikipiki za silinda moja za cc 100 hadi 150, yaani Boxer, TVS, SanLG, Haojue, Honda na nyingine za aina hiyo zinazofanya kazi ya bodaboda Afrika Mashariki. Vipimo vinavyotajwa ni vya kawaida kwa kundi hilo. Ukiwa na kitabu cha modeli yako, fuata kitabu.

Usiiwashe kwanza

Watu wengi wakishainyanyua tu wanapiga kiki waone kama inawaka. Usifanye hivyo. Zima swichi, funga koki ya mafuta, kisha nusa. Pikipiki iliyolala ubavu hufurika petroli kwenye kabureta, na petroli nyingine hutoka kwenye tundu la kupumulia la kifuniko cha tangi. Harufu ikiwa kali, isogeze mbali na moto na sigara, uiache ipigwe na upepo hadi harufu iishe. Betri ya maji nayo humwaga asidi ikilala. Ukiona unyevunyevu kuizunguka, mwagia maji mengi kabla ya kugusa.

Kama kuna mtu aliyeumia, waache polisi wa usalama barabarani waikague kabla fundi hajalegeza nati hata moja, kwa sababu hali ya breki na matairi ni ushahidi. Piga picha pande zote nne na picha za karibu za kila mchubuko. Bima watazidai, na wewe mwenyewe utazirudia ukiwa katikati ya kazi.

Kisha muulize aliyekuwa akiendesha mambo matatu: iligonga nini na kwa upande gani, iliangukia upande gani, na injini iliendelea kuunguruma kwa muda gani ikiwa imelala. Hilo la tatu wengi hulisahau. Injini ya kabureta kwa kawaida haina kifaa cha kuizima ikianguka, na ikiwa ubavuni pampu huweza kuvuta hewa badala ya oili. Sekunde chache hazina neno. Dakika kadhaa huku eksileta imekwama wazi zinaweza kukwangua kamshafti na beringi, na utakuja kusikia mlio juu ya silinda.

Majibu hayo ndiyo ramani yako. Ikigonga kwa mbele, kishindo hupita tairi, rimu, ekseli, shokapu za mbele, shingo, kisha fremu. Ikigongwa kwa nyuma, hupita rimu, swingamu (ule mkono mpana unaoshika tairi la nyuma), shokapu za nyuma na mkia wa fremu. Ikilala ubavu tu na kuteleza, mara nyingi huumia usukani, liva na sehemu za kukanyagia; upande wa kushoto ongeza shafti ya gia, upande wa kulia pedali ya breki na ekzosi.

Mbele: rimu, ekseli na shokapu

Simamisha stendi ya katikati, weka ubao chini ya injini na jeki juu ya ubao hadi tairi la mbele lining'inie. Kama hakuna jeki, mtu mzito akikalia mwisho wa siti inatosha.

Funga kijiti kwenye mguu wa shokapu kwa mpira, ncha yake ikaribie ukingo wa rimu bila kuugusa. Zungusha tairi polepole. Nafasi kati ya kijiti na rimu isibadilike zaidi ya milimita 2, ukipima ubavuni na ukipima juu na chini. Kuyumba ubavuni kwa rimu ya spoku hurekebishika kwa kukaza na kulegeza spoku. Bonde lililopigwa na jiwe au ukingo wa lami ni jambo jingine: ukilivuta kwa spoku peke yake, spoku za hapo zitabaki na mvutano mkubwa kuliko wenzake na zitaanza kukatika moja moja. Gonga kila spoku kwa spana ndogo. Nzima hutoa mlio mkali, iliyolegea hutoa mlio mzito uliofifia.

Rimu ya aloi haipigwi nyundo. Ukiona ufa kwenye mkono wake au ukingo uliomeguka, hiyo ni ya kubadilisha, hata kama fundi wa kuchomea amekuahidi itakaa.

Wakati tairi linazunguka, tazama kuta zake pande zote mbili. Uvimbe kama yai maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Tyubu iliyobanwa kati ya rimu na kitu kigumu huwa na matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona, rudi ukague rimu pale pale.

Chomoa ekseli, ifute, uiviringishe juu ya kioo tambarare cha dirisha. Ikinyanyuka katikati na kushuka, imepinda. Kikomo cha kawaida ni milimita 0.2, kipimo ambacho macho hayakioni vizuri, kwa hiyo tumia vile vibao vyembamba vya kupimia nafasi ya vali. Ekseli haina bei kubwa ya kukufanya uinyooshe. Kabla ya kuirudisha, ingiza kidole kwenye kila beringi ya tairi na uizungushe. Ikikwaruza au ikiwa na mchezo, badilisha zote mbili.

Shokapu za mbele hupinda zaidi pale chini ya kishikio cha chini kinachozibana. Pitisha kidole gumba kwenye bomba kutoka juu kwenda chini, upande wa mbele na upande wa nyuma. Bomba zima ni laini mfululizo. Lililopinda lina kivimbe kidogo kwa nyuma au kroma iliyopasuka kwa mistari myembamba kama nywele. Shusha pikipiki chini, shika breki ya mbele, sukuma usukani mara kumi. Shokapu zikishuka lakini zikachelewa kupanda, au zikapanda kwa kukwama, mabomba yamepinda au yamejikunja ndani ya vishikio. Futa mabomba kwa kitambaa kisha rudia kusukuma. Pete ya oili ikibaki kwenye bomba, sili (mpira unaozuia oili isitoke) imekufa.

Bomba lililopinda kidogo hunyooshwa kwa presi na mafundi wanaofanya kazi hiyo kila siku, mradi likiviringishwa kwenye kioo lirudi ndani ya milimita 0.2. Lenye mkunjo au mikunyanzi ya chuma halifai tena. Likinyooshwa huonekana zima, lakini chuma kimeshachoka mahali hapo, na mahali hapo ndipo uzito wote wa breki ya mbele unapokaa. Ukibadilisha sili, tia oili ya shokapu kwa kiasi kilekile pande zote mbili. Kwa pikipiki hizi ni kati ya mililita 130 na 200 kila mguu kutegemea modeli. Kiasi kikitofautiana, mguu mmoja utafanya kazi ya miwili.

Shingo ya usukani

Nyanyua tena tairi la mbele. Shika usukani kwa vidole viwili tu kila upande na uuzungushe taratibu kutoka kushoto hadi kulia. Ukitumia nguvu ya mikono hutasikia kitu. Kwa vidole utasikia usukani ukidumbukia mahali pamoja, pale tairi linapotazama mbele, kama vile una nafasi yake ya kupumzika. Hizo ni gololi zimechimba vikombe vyake (pete za chuma zinamozunguka) wakati wa kugonga. Pikipiki yenye hali hiyo haitaki kwenda moja kwa moja. Dereva husahihisha kidogo kidogo muda wote bila kujua sababu. Badilisha vikombe na gololi kwa pamoja. Kukaza nati ya juu hakuondoi mashimo hayo, kunazidi kuyachimba.

Usukani ukiwa mwepesi upande mmoja na mzito mwingine, shina lake limepinda. Kisha shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta na sukuma. Mchezo ukihisiwa shingoni, ama nati imelegea ama vikombe vimehama.

Tazama pia vikomo vya usukani, vile vinundu vinavyozuia shokapu zisigonge tangi. Kimoja kikimeguka, usukani utakata zaidi ya kipimo na kubana nyaya na kebo. Tangi lenye bonde dogo ubavuni ni ishara kwamba kikomo kilishindwa.

Kupima mstari kwa uzi

Kipimo hiki ni cha bure na hakuna sababu ya gereji yoyote kukiacha. Tafuta uzi wa fundi mwashi wa mita 6. Kwanza hakikisha alama za kukazia cheni kwenye swingamu zinalingana kushoto na kulia, la sivyo utapima makosa ya cheni ukidhani ni ya ajali. Mtu mmoja aikalie pikipiki ikiwa wima, stendi zote zimekunjwa. Zungusha uzi nyuma ya tairi la nyuma, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini au urefu wowote ambao haugusi stendi wala ekzosi, uvute ncha zote mbili hadi mbele ya tairi la mbele. Uzi uguse tairi la nyuma mahali pawili kila upande, nyuma na mbele yake.

Tairi la nyuma la 3.00 na la mbele la 2.75 hutofautiana upana kwa takribani milimita 6, hivyo la mbele likiwa limenyooka liache nafasi ya milimita 3 hivi kila upande. Matairi yako yakiwa na namba tofauti, gawa tofauti ya upana wake kwa mbili.

Tairi la mbele likinyooka na uzi huku usukani umekaa upande, kuna mawili: usukani wenyewe umepinda, au shokapu zimejisokota ndani ya vishikio. Fungua vibano vya usukani uutazame ukiwa nje. Ukiwa mzima, tatizo ni shokapu, na dawa yake ni nyepesi. Legeza bolti za kishikio cha chini, bolti za madigadi na nati ya ekseli. Bana tairi kati ya magoti, zungusha usukani hadi ulingane, kisha kaza kishikio cha chini. Sukuma shokapu mara kadhaa zijipange zenyewe, ndipo ukaze ekseli na mwisho madigadi. Ukianza na ekseli, unazifunga shokapu zikiwa bado zimesokotana.

Usukani ukiwa sawa na tairi likiwa sambamba na uzi, lakini nafasi ni milimita 8 huku na upande mwingine uzi unasukumwa na tairi, basi tairi moja limehama pembeni. Angalia kwanza kama bushi za ekseli zilipangwa vibaya. Kama ziko sawa, ni swingamu au fremu. Mwisho simama mita 5 nyuma ya pikipiki, chuchumaa, linganisha tairi la nyuma na la mbele. Moja likiwa wima na jingine limeegama, fremu imesokotwa.

Fremu

Toa siti na tangi. Osha shingo kwa mafuta ya taa, kausha, washa tochi uimulike kwa pembeni, siyo uso kwa uso, ili mikunjo itoe kivuli. Unatafuta rangi iliyopasuka kwenye maungio ya kuchomea, rangi iliyokunjamana chini ya bomba la juu, na uvimbe kwenye bomba linaloshuka mbele ya injini. Ufa wenye kutu ndani ni wa zamani, unaong'aa ni wa ajali hii. Zote mbili ni nyufa.

Pima kwa futi kutoka katikati ya nati ya juu ya shingo hadi kwenye egemeo la swingamu, kushoto na kulia. Pimia kwenye uso wa fremu, usipimie kichwa cha bolti, maana kichwa na nati havina unene sawa. Tofauti ya zaidi ya milimita 4 inatosha kukupeleka kwa mtu mwenye meza ya kunyooshea fremu. Bolti za kushikilia injini zikiwa ngumu kutoka au zimepinda, hilo nalo linasema fremu imevutwa.

Msimamo wetu kwa fremu iliyopinda shingoni ni mmoja: badilisha. Kuipasha moto na kuivuta hulainisha chuma mahali panapobeba mzigo wa mbele wote, na kukata na kuchomea shingo nyingine kunagusa namba ya chasisi, ambayo kwa kawaida huchongwa hapo hapo. Namba isiyolingana na kadi ya usajili ya TRA (Tanzania) au ya NTSA (Kenya) itakuletea shida kubwa kuliko gharama ya fremu.

Nyuma na cheni

Shika tairi la nyuma, lisukume kushoto na kulia. Mchezo ukiwa kwenye tairi ni beringi. Swingamu nzima ikicheza ni bushi zake au bolti ya egemeo. Linganisha urefu wa shokapu mbili za nyuma na uone kama fimbo zake zimenyooka. Chuchumaa nyuma utazame cheni: ipande kwenye spoketi ya mbele ikiwa imenyooka, isiminye upande mmoja wa meno. Ulegevu katikati uwe milimita 20 hadi 30. Zungusha tairi upime mahali pane, kwa sababu spoketi iliyogongwa hukaza cheni upande mmoja na kuilegeza mwingine. Usisahau fimbo inayozuia sahani ya breki ya nyuma isizunguke. Pini yake ikikatika, breki ya kwanza kali itazungusha sahani na kung'oa fimbo ya breki.

Liva, pedali na kebo

Eksileta ijirudishe yenyewe kwa haraka, usukani ukiwa katikati, kushoto kabisa na kulia kabisa. Mchezo wake uwe milimita 2 hadi 6 kwenye gripu. Ikichelewa kurudi, mara nyingi ncha ya usukani imekunjika na kubana gripu, au kebo imebanwa karibu na shingo. Liva ya klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha. Liva ya aloi iliyopinda usiinyooshe ikiwa baridi, itakatika mkononi siku nyingine.

Kanyaga pedali ya breki hadi mwisho uone kama inagusa sehemu ya kukanyagia au ekzosi. Breki ya diski: zungusha tairi, diski ikiyumba zaidi ya milimita 0.3 utahisi liva ikipigapiga. Liva laini kama sponji ina hewa au mpira wa kupitisha mafuta umeumia.

Shafti ya gia, kwa pikipiki iliyoangukia kushoto, inahitaji uangalifu wa pekee. Ikipinda, gia huingia lakini pedali hairudi katikati, na oili huanza kuchuruzika kwenye sili yake. Kuipiga nyundo ikiwa kwenye injini husukuma nguvu ndani, na huko kuna kasha la aluminiamu. Toa pedali kwanza uione shafti peke yake. Mara nyingi iliyopinda ni pedali tu.

Injini, kisha kuwasha

Mapezi ya kupoza yaliyovunjika hayana tatizo. Ufa kwenye kasha ndio tatizo, hasa karibu na shafti ya gia, nati ya kumwagia oili na spoketi ya mbele, ambako cheni iliyokatika huweza kutoboa. Osha sehemu unayoishuku kwa mafuta ya taa, ikauke kabisa, ipake poda ya mtoto. Injini ikishawaka dakika tano, ufa utajiandika kwenye poda kwa mstari mweusi mwembamba. Gundi ya chuma itakufikisha nyumbani. Tengenezo lenyewe ni kuchomea kwa gesi ya argoni au kubadilisha kasha.

Pima oili, nyingi ya injini hizi hubeba takribani lita 1 kutegemea modeli. Fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage petroli iliyofurika. Kagua chujio la hewa, likilowa oili lisafishe au libadilishe. Toa plagi, piga kiki mara kumi polepole. Hii ni kwa sababu oili ikiingia juu ya pistoni haibanwi. Ukiiwasha kwa nguvu unaweza kupinda fimbo ya pistoni. Kikirushwa chochote kwenye tundu, endelea hadi pakauke. Safisha plagi, irudishe, washa.

Moshi wa bluu kwa dakika chache za mwanzo ni oili inayoungua, utaisha. Ukizidi dakika kumi, kuna jambo kwenye pistoni au vali. Mlio wa tik-tik karibu na kichwa cha silinda unaweza kuwa gasketi ya ekzosi tu, kwa hiyo tafuta masizi meusi kwenye maungio kabla ya kufungua injini. Mlio mzito wa kugonga chini ya injini unaoongezeka ukivuta eksileta, zima mara moja.

Ikikataa kuwaka, anza na swichi ya kuzimia kama ipo, na soketi zake nyuma ya taa ya mbele. Kwa pikipiki nyingi za aina hii swichi huzima kwa kugusisha waya kwenye bodi (chuma cha pikipiki), hivyo ukichomoa soketi na cheche ikarudi, swichi imepondeka. Nyingine huzima kwa kukata umeme, na hizo ukichomoa hazitawaka kabisa. Kisha fyuzi, kisha waya uliobanwa shingoni. Zile za injeksheni zenye kitambuzi cha kuanguka hutaka swichi izimwe na kuwashwa upya.

Jaribio

Liwe uwanjani, bila abiria, na kofia ngumu kichwani. Kwanza sukuma pikipiki kwa mkono na shika kila breki peke yake. Kisha kilomita 10 kwa saa, breki. Kisha 20, breki, kata umbo dogo la namba nane kushoto na kulia. Kisha 40 kwenye barabara iliyonyooka. Usukani ukitikisika kwenye mwendo mdogo, rudi kwenye rimu na tairi. Mkia ukiyumba mwendo ukiongezeka, rudi kwenye swingamu na uzi. Ikivuta upande mmoja mfululizo, rudi kwenye uzi na fremu. Kishindo kidogo shingoni kila ukishika breki ya mbele ni gololi.

Baada ya kilomita 5 kaza upya ekseli, vishikio vya shokapu, bolti za injini na usukani. Baada ya kilomita 100 gonga spoku tena, pima cheni, na ninginiza tairi la mbele uujaribu usukani kwa vidole viwili, kwa maana vikombe vipya hujikalia kwenye nafasi yake na nati ya shingo hulegea kidogo.